Waifai inasuasua nyumbani: pa kuanzia kabla hujanunua ruta nyingine

Nikiitwa kwenye nyumba ya mtu hapa Mtwara mjini, iwe Shangani, Ligula au Chikongola, maneno ya mlangoni ni yaleyale: "Fundi, mtandao umekufa, nitafutie ruta kubwa." Mara nyingi ruta iliyopo inatosha kabisa. Shida ni kwamba iko nyuma ya runinga, au sakafuni pembeni ya friji, au imefungiwa kwenye kabati la vyombo ili watoto wasiichezee.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, jinsi watu wanavyonieleza. Kwenye kila dalili naanza na sababu ninayokutana nayo zaidi na kipimo kisichogharimu kitu, halafu ndiyo tunashuka kwenye mambo ya kununua. Hakuna mahali utakapoambiwa utoboe ukuta wala uvute waya mpya.

Kwanza pima, tena mara mbili

Intaneti ya nyumbani ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwa mtoa huduma hadi kwenye ruta, kwa faiba (waya mwembamba unaopitisha mwanga) au kwa laini ya simu kupitia mnara. Ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu yako, hewani. Ukizichanganya hizi mbili utapaka dawa mguu wa kushoto na jipu liko wa kulia.

Waombe wenzako waweke simu chini dakika chache. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, pima kasi kwa programu yoyote ya kupimia, andika namba. Kisha nenda kwenye chumba kinacholalamikiwa, funga mlango kama unavyoufunga siku zote, upime tena. Rudia mara tatu kila mahali, maana kipimo kimoja hudanganya.

Ukipata megabiti 30 karibu na ruta na 3 chumbani, ugonjwa uko hewani ndani ya nyumba. Ukipata 3 kote kote, chumba hakina kosa, tatizo liko kwenye ruta au kabla yake. Soma dalili ya pili.

Usitishike na vipimo. Watoa huduma huuza kwa megabiti, simu hupakua kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hushusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti moja itachukua kama dakika 7 mambo yakiwa mazuri. Huo si wizi, ni hesabu. Na video moja safi ya runinga inahitaji takribani megabiti 5 tu, hivyo nyumba ya watu wanne haihitaji mamia.

Dalili ya kwanza: sebuleni inaruka, chumbani inakufa

Hii ndiyo kesi ya nyumba saba kati ya kumi ninazoingia, kwa kukadiria.

Sababu kuu ni mahali ruta ilipowekwa. Nyumba zetu nyingi ni za korido katikati, vyumba kushoto na kulia, sebule mbele, ua nyuma. Ruta huwekwa sebuleni kwa sababu runinga iko huko, yaani pembe ya mwisho kabisa ya nyumba. Nusu ya mawimbi yanatoka nje kwenda barazani kuwahudumia wapita njia, na nusu iliyobaki inapaswa kupenya kuta nne ili ifike chumba cha mwisho. Isogeze kuelekea kwenye korido, hata mita 3 tu, kisha upime tena. Waya wake wa umeme ukiwa mfupi, tumia ekstensheni nzima.

Baada ya mahali, angalia urefu. Iondoe sakafuni. Nyumba nyingi za hapa ambazo hazijapigwa silingi bodi zina siri moja nzuri: kuta za ndani huishia usawa wa lenta, na kutoka hapo hadi kwenye bati ni uwazi mmoja unaounganisha vyumba vyote. Ndiyo maana ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha nne anakuambia pole. Mawimbi nayo hupita hukohuko. Rafu ndogo kwenye korido, kiasi cha mita 2 kutoka chini, mara nyingi huamsha chumba kilichokuwa mahututi. Ila usiipandishe hadi chini ya bati kabisa. Saa nane mchana mwezi wa kumi na mbili kule juu ni tanuri, na ruta ikipata joto hupunguza kasi au hujizima.

Tatu, antena. Antena ya fimbo haitoi mawimbi kwenye ncha yake kama tochi. Hutoa kuizunguka, kama ngata iliyovishwa kwenye mchi: mapana pembeni, hafifu juu na chini. Nyumba isiyo na ghorofa, simamisha antena zote wima. Nyumba ya ghorofa, simamisha moja na ulaze nyingine. Ukiielekeza ncha chumbani kwa nia njema, unakinyima chumba hicho. Kuna kijana alinionyesha karatasi ya foili aliyoizungushia ruta nyuma. Inafanya kazi kweli, inasukuma mawimbi upande mmoja, lakini jikoni kwao kukawa kaburi.

Nne, kilichoko katikati. Tofali la saruji hula mawimbi, zege lenye nondo hula zaidi, na kioo kikubwa cha kabati la nguo hurudisha mawimbi kwa sababu mgongo wake umepakwa madini. Tangi la maji ni kizuizi kikubwa, kwani maji hufyonza masafa haya. Bati halipitishi kitu: banda la uani lililozungushiwa mabati hutalipata kwa ruta ya sebuleni hata uinunue ya bei gani. Na kama unaishi Mikindani kwenye nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene zilijengwa kuzuia joto, na waifai nayo inazuiwa. Nyumba za namna hiyo siwaambii watu wahangaike na mipangilio. Milango ya ndani ndiyo njia yenu. Wekeni ruta mahali inapoonana na milango mingi.

Tano, masafa. Ruta nyingi za sasa hutoa majina mawili, moja la gigahezi 2.4 na jingine la gigahezi 5. La 5 lina kasi zaidi lakini halipendi kuta. La 2.4 ni la polepole lakini linafika mbali. Aliye sebuleni ajiunge na la 5, wa chumba cha mwisho na 2.4. Kama ruta imeyaunganisha majina yote mawili kuwa moja na simu inang'ang'ania lisilofaa, ingia kwenye ukurasa wa mipangilio uyatenganishe. Anwani ya ukurasa huo imeandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, kwa kawaida 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Ukimaliza hayo na chumba bado kimekufa, sasa ndiyo tuzungumze pesa.

Ripita, kifaa kinachopokea mawimbi ya ruta na kuyatuma tena, ni ya bei nafuu, na ndiyo inayowekwa vibaya kuliko kifaa chochote. Watu huichomeka kwenye chumba kisicho na mtandao. Sasa itarudia nini? Iweke katikati ya safari, mahali ambapo simu yako bado inashika vizuri. Na ujue kwamba ripita ya kawaida, inayopokea na kutuma kwa masafa yaleyale, hukata kasi karibu nusu, kwa sababu kila kitu kinasemwa hewani mara mbili. Kwa WhatsApp na habari, haina neno. Kwa mwanafunzi wa masomo ya mtandaoni, ataisikia.

Ruta pacha zinazofanya kazi kama moja, ambazo wauzaji huziita meshi, ni bora zaidi na ghali zaidi. Kwa nyumba ya vyumba vitatu hapa kwetu naona ni anasa. Kwa nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na mbili, au familia yenye nyumba kubwa na nyumba ndogo uani, zina maana.

Kuna pia vifaa vinavyopitisha intaneti kwenye nyaya za umeme zilizomo ukutani. Chomeka kimoja karibu na ruta, kingine chumbani, moja kwa moja ukutani na si kwenye ekstensheni. Vinahitaji nyaya nzuri na mita moja. Nyumba ambayo taa hupepesa ukiwasha pasi, usinunue. Hiyo inahitaji fundi umeme kwanza, intaneti baadaye.

Dalili ya pili: polepole kila mahali, hata ukiikumbatia ruta

Anza na bando. Vifurushi vingine vya "bila kikomo" vina kikomo cha kasi: ukishatumia kiasi fulani, unashushwa hadi spidi ya konokono mpaka mwezi uishe. Angalia salio kabla ya kulaumu chombo.

Halafu zima ruta, hesabu hadi sitini, iwashe na uipe dakika tatu. Najua kila mtu anasema hivi. Inasaidia.

Kama ruta yako inatumia laini ya simu, mahali pake kuna mvutano: inataka dirisha linalotazama mnara ili ipokee vizuri, na inataka katikati ya nyumba ili igawe vizuri. Anza na dirisha. Ruta haiwezi kugawa ambacho haikupokea. Kwenye ukurasa wa mipangilio tafuta namba iliyoandikwa RSRP, yaani nguvu ya mawimbi yanayofika kutoka mnarani. Ni namba hasi, kwa hiyo -85 ni nzuri, -100 ni ya kuvumilia, na -110 ni mbaya. Zunguka na ruta dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja kila mahali, usome. Nyumba moja ya Mitwero, Lindi, namba iliruka kutoka -108 hadi -91 kwa kuihamisha ruta kutoka dirisha la grili nzito hadi dirisha la jikoni. Hakuna kilichonunuliwa. Mikorosho na miembe iliyosongamana mbele ya dirisha nayo hupunguza, hasa majani yakiwa yamelowa mvua.

Kama ni faiba, tazama taa. Taa nyekundu iliyoandikwa LOS maana yake mwanga haufiki kwenye kisanduku. Angalia kama waya mwembamba umekunjwa kwa nguvu nyuma ya kochi au panya ameonja. Ukiwa umejikunja tu, ulegeze uwe na mviringo mpana. Ukiwa umekatika, usiunge kwa solotepu, na kamwe usichungulie ncha yake: mwanga uliomo hauonekani kwa macho, na unaweza kuyadhuru.

Mwisho kuna siku ambazo ugonjwa hauko Mtwara wala Tanzania. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikasuasua Afrika Mashariki nzima kwa siku kadhaa. Wiki ile simu yangu haikupumzika. Mzee mmoja nilimkuta ameshanunua ruta mpya na bado anaambiwa asubiri. "Mwanangu, ningekuuliza kwanza," akasema. Kwa hiyo kasi ikishuka ghafla, muulize kwanza jirani anayetumia mtandao mwingine. Mkiwa mnalia wote, kaa utulie.

Dalili ya tatu: mchana nzuri, saa mbili usiku inazimia

Kwa ruta za laini, sababu ya kwanza ni msongamano kwenye mnara. Mtaa mzima umerudi nyumbani, umekula, umeshika simu. Hapo huna la kufanya ndani ya nyumba, isipokuwa kupakua vitu vizito alfajiri.

Sababu ya pili ni majirani kugombania hewa ya 2.4. Msimu wa korosho ukilipa vizuri, mitaa hubadilika: runinga mpya, ving'amuzi vipya, na ruta mpya kila nyumba ya pili, zote zikiwa kwenye chaneli (njia ya mawimbi) ileile zilizotoka nayo kiwandani. Kwenye 2.4 chaneli tatu tu haziingiliani: 1, 6 na 11. Pakua programu ya kuonyesha mitandao iliyo karibu, tazama ipi kati ya hizo tatu ina watu wachache, uweke hiyo. Usichague ya 3 au ya 8 ukidhani umejificha. Utasumbuliwa na wa pande zote mbili. Upana wa chaneli weka megahezi 20. Anayeweza kuhamia 5 ahamie, huko kuna nafasi.

Tatu, wageni wasiojulikana. Paswedi uliyompa binamu siku ya Idi, leo inajulikana hadi kijiweni. Fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uhesabu. Nyumba ya watu watano yenye vifaa kumi na tisa ina maelezo ya kutoa. Badilisha paswedi, chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3, zima WPS (njia ya kujiunga kwa kubonyeza kitufe au kuandika namba fupi, bila paswedi), na wafungulie wageni mtandao wao wa pembeni kama ruta inaruhusu. Kugombana si lazima.

Nne, simu za ndani zenyewe: kuhifadhi picha mtandaoni na kusasisha programu hupenda kuanza usiku zikichomekwa chaji. Simu moja inayopandisha video inaweza kuziba mlango kwa wote.

Dalili ya nne: inakatika, inarudi, inakatika

Hapa niliwahi kuaibika. Alasiri nzima nimekaa Mikindani nabadilisha chaneli, narudisha ruta kwenye hali ya kiwandani, nasasisha programu yake, na bado inajizima kila dakika ishirini. Jioni mwenye nyumba ananiambia, kama jambo dogo, kwamba ile adapta ni ya king'amuzi, ya awali iliungua. Ruta ilitaka volti 12 na ampea 1. Ile ilikuwa volti 12, nusu ampea. Vifaa viwili vikiunganishwa, sawa, vitano, inazimia.

Kwa hiyo, dalili hii ukiiona, soma adapta kwanza. Volti lazima zilingane sawasawa na zilizoandikwa kwenye ruta. Ampea ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Angalia pia ncha ya kuchomekea kama inacheza.

Kisha umeme wenyewe. Ukipanda na kushuka, ruta hujizima na kujiwasha hata kama taa hujaiona ikizimika. Betri ndogo ya akiba ya ruta husaidia sana, mradi volti zake zilingane. Na umeme ukirudi baada ya kukatika, mpe mtoa huduma dakika kumi, mnara nao unaamka.

Joto ni la tatu. Iguse. Ya uvuguvugu ni sawa. Isiyoshikika si sawa. Itoe kwenye kabati, iondolee kitambaa cha kufumwa mama alichoifunika isipate vumbi. Futa matundu kwa brashi kavu.

Nne ni chumvi. Nyumba zilizo karibu na bahari, Shangani hasa, upepo wa kusi huingia na chumvi yake, na baada ya mwaka mmoja au miwili utaona ukijani kwenye ncha za waya. Zima kila kitu, chomoa, sugua ncha kwa mswaki mkavu, pitisha pamba yenye spiriti kidogo, acha ikauke vizuri kabla ya kurudisha. Ncha za nje tu. Adapta usiifungue, hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani yake kuna kifaa kinachohifadhi umeme baada ya kuchomoa.

Ikikatika wakati wa kupasha chakula tu, ni maikrowevu. Inafanya kazi karibu na gigahezi 2.4. Tenganisheni.

Dalili ya tano: kifaa kimoja tu kinasumbua

Wengine wote wako sawa? Basi iache ruta. Kwenye simu hiyo futa mtandao, ujiunge upya. Zima programu za kuficha mahali ulipo, maarufu kama VPN. Kava la chuma litoe. Na kama ni kompyuta ya zamani isiyojua gigahezi 5, kumbuka hewa ni ya zamu: kifaa cha polepole kinapozungumza, wengine wote wanasubiri amalize. Kifaa kidogo cha waifai cha kuchomeka kwenye USB kitaiponya kwa bei ndogo kuliko ruta.

Acha hapo, mwite mtu

Harufu ya kuungua, adapta iliyovimba, au soketi yenye weusi: zima swichi kuu, usiguse kingine, mwite fundi umeme. Ruta ikikupiga shoti ukiigusa, ni hivyohivyo. Iliyomwagikiwa maji isiwashwe kujaribu.

Antena ya nje juu ya bati au kwenye nguzo si kazi ya kijana wa jirani mwenye ngazi, hasa nyaya za umeme zikipita karibu. Na wakati wa ngurumo, chomoa ruta ukutani, pamoja na waya unaotoka nje kama ni wa shaba, kabla radi haijafika. Ikishakuwa juu yako, usiiguse, iache iende na bahati yake.

Faiba iliyokatika, taa ya LOS isiyozimika, au kasi ya chini karibu na ruta kwa siku tatu mfululizo huku bando lipo: huo ni wajibu wa mtoa huduma. Unapompigia, usimwambie "mtandao mbaya." Msomee vile vipimo ulivyoandika, karibu na ruta na mbali nayo, saa ya kila kimoja, rangi ya taa zote, na namba ya RSRP kama ni laini. Mhudumu aliyekuwa anakuambia "zima uwashe" mara nyingi hubadilisha sauti akifika kwenye kipimo cha tatu.